Filamu mbili kwa tiketi moja: biashara iliyozaliwa na viti vitupu

Muulize mzee yeyote aliyekulia Kamalondo au Katuba, hapa Lubumbashi, alikuwa anaangalia nini sinema enzi za ujana wake. Ni nadra akutajie filamu moja. Atakutajia mbili kwa mpigo: ya bakoboyi na ya Bahindi, ya karate na ya mapenzi. Papa mmoja jirani yangu, mstaafu wa reli, anakumbuka hata mpangilio. «Ya kwanza ilikuwa ya mapigano, ju bantu bachangamuke. Ya pili ya Bahindu, ile ya kuimba na kulia. Ukitoka inje macho iko nyekundu, na haujue unalilia nani, wa filme ya kwanza ao wa ya pili.»

Hapo pana mafundo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la pesa: kwa nini mfanyabiashara auze filamu mbili kwa bei ya moja? La pili ni la kichwa: kwa nini filamu zilizoonekana pamoja jioni moja hukaa pamoja miaka arobaini, hata kama waliozitengeneza hawakujuana? Nianze na pesa, maana bila hilo fundo la kwanza lile la pili lisingekuwepo.

Kiti kisicho na mtu

Wengi huichukulia filamu ya pili kuwa matabishi, kama mama wa sokoni anavyokuongezea konzi ya unga juu ya kipimo. Lakini mama wa sokoni anatoa unga wake, unga ambao angeweza kumuuzia mtu mwingine. Mwenye ukumbi anatoa kiti ambacho jioni ile kingekaa bila mtu. Jengo limeshalipiwa, mtu wa projekta ameshalipwa, taa zinawaka. Mtazamaji mmoja zaidi akiingia hamgharimu karibu chochote, na asipoingia, pesa yake imepotea moja kwa moja, kwa sababu kiti cha leo huwezi kukiweka ghalani ukakiuza kesho. Ukilishika hilo, historia yote ya filamu mbili inafunguka. Popote ulipoona filamu mbili kwa tiketi moja, kuna mtu aliyekuwa ametazama ukumbi wake akaona viti vitupu.

Walioviona kwa wingi kuliko wote ni wenye sinema wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka Oktoba 1929, mamilioni ya watu wakapoteza kazi, na watazamaji wakaanza kupungua wiki baada ya wiki. Kabla ya hapo jioni ya sinema ilikuwa na filamu moja ndefu, habari za dunia, katuni na kichekesho kifupi, na kumbi kubwa zilikuwa pia na wanamuziki na wachezaji jukwaani. Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, wengi wa wale wa jukwaani waliachishwa. Njaa ilipokuja, wenye kumbi wakajaribu kila mbinu. Waliendesha bahati nasibu. Waligawa vyombo: wiki hii sahani, wiki ijayo kikombe, ili mama mwenye nyumba arudi kila wiki mpaka seti itimie. Na wakaongeza filamu ya pili. Kufikia katikati ya mwongo ule, kumbi nyingi za Marekani zilikuwa zinaonyesha mbili, na aliyeonyesha moja alionekana mchoyo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme una ukumbi wa viti 100 na kiingilio ni faranga 1,000. Jumanne wanakuja watu 30, unapata 30,000. Filamu kubwa huwa inakodishwa kwa asilimia, na tuseme mwenye filamu anachukua 40 kwa 100: anaondoka na 12,000, unabaki na 18,000. Sasa unaongeza filamu ya pili. Hii haikodishwi kwa asilimia, ina bei yake moja, tuseme 5,000, watu waje wasije. Kwa kuwa ziko mbili, Jumanne wanakuja 55. Unapata 55,000, wa filamu kubwa anachukua 22,000, wa filamu ndogo 5,000, unabaki na 28,000. Kila mtu amepata zaidi. Lakini rudia hesabu hiyo Jumamosi, siku ambayo filamu kubwa peke yake ingejaza viti vyote 100, tena mara mbili kwa jioni. Filamu ya pili imekula nafasi ya onyesho la pili, na umepoteza zaidi ya nusu. Ndiyo maana filamu mbili hustawi pale biashara inapokuwa dhaifu, na hufa biashara ikipata nguvu.

Hizo aina mbili za kukodisha, moja kwa asilimia na nyingine kwa bei isiyobadilika, ndizo zilizozaa kile kinachoitwa filamu za A na filamu za B. Wengi leo wakisikia «B» wanadhani ni alama ya ubora, kama darasani. Ilikuwa nafasi kwenye programu. Filamu ya A iliuza tiketi. Ya B ilijaza jioni. Na kwa kuwa mtengenezaji wa B alijua tangu mwanzo atalipwa kiasi gani, hakuwa na sababu ya kutumia zaidi. Filamu ikawa ya saa moja na dakika chache, ikapigwa kwa wiki moja au mbili, kwa farasi walewale na mitaa ileile ya mbao. Kampuni ndogo za Hollywood kama Monogram na Republic ziliishi kwa kazi hiyo. John Wayne alitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1930 akipanda farasi kwenye filamu za B kabla ya *Stagecoach* ya 1939 kumfanya nyota.

Studio kubwa nazo hazikutaka kumwachia mtu ile nafasi ya pili, kwa hiyo zikaanzisha vitengo vyao vya B. Tena zilikuwa na mkono mzito: aliyetaka filamu ya nyota alilazimika kuchukua fungu zima, nzuri na mbovu, nyingine bila hata kuziona. Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku biashara hiyo ya mafungu tarehe 3 Mei 1948, katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, na kesi hiyohiyo ndiyo iliyozifanya studio ziachane na majumba yao ya sinema. Televisheni ikaja kumalizia kazi, ikachukua zile hadithi fupi za bei nafuu na kuziingiza sebuleni.

Kabla ya kuzizika filamu za B, niseme neno kuzihusu, kwa sababu zinastahili. Mwaka 1942 studio ya RKO ilimpa mtayarishaji Val Lewton kazi ya kutengeneza filamu za kutisha za bei ya chini. Wakubwa walimpa jina la filamu, yeye atafute hadithi. Ya kwanza ilikuwa *Cat People*, ikaongozwa na Jacques Tourneur. Pesa ya kutengeneza chui wa kuogopesha haikuwepo. Hata ngazi inayoonekana ndani ya nyumba ilikuwa masalio ya filamu ya Orson Welles. Basi wakatumia giza. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani. Visigino vyake vinagonga lami, na nyuma yake vinagonga visigino vingine. Anapita chini ya taa, anaingia gizani, anafika kwenye taa nyingine. Vile visigino vya nyuma vinanyamaza. Anaongeza mwendo, anageuka, hakuna mtu. Kisha mngurumo unapasuka karibu na sikio lako, unaruka kitini, na ni basi tu limesimama mbele yake, mlango wake ukifunguka. Kila filamu ya kutisha unayoangalia leo kwenye simu ina deni kwa basi lile, na basi lile lilizaliwa kwa kukosa pesa, ndani ya filamu iliyotengenezwa kujaza jioni.

Wanaopanga

Studio zilitoa filamu, lakini aliyeamua nini kikae na nini alikuwa mara nyingi mtu mdogo mwenye ukumbi mdogo. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ukumbi wa Regina, Los Angeles, mwaka 1938. Ulikuwa karibu kufungwa. Mwenye ukumbi hakuwa na uwezo wa kukodi filamu mpya, akakodi za zamani: *Dracula* na *Frankenstein*, zote za 1931, na ya tatu, *Son of Kong*, ya 1933. Foleni ikazunguka mtaa, maonyesho yakaendelea mpaka usiku wa manane. Bela Lugosi, akteri wa *Dracula*, alikuwa wakati huo amekosa kazi. Akaalikwa kuja kusalimia watu ukumbini. Studio ya Universal iliposikia, ikazifungasha *Dracula* na *Frankenstein* pamoja na kuzisambaza nchi nzima, na mwaka uliofuata ikatengeneza *Son of Frankenstein*, Lugosi akiwemo. Hollywood ilikuwa imeshaamua kwamba filamu za kutisha zimekwisha. Mtu mmoja mwenye viti vitupu aliithibitishia kinyume.

Miaka ya 1950 wapo waliokaa na hesabu hiyo wakagundua tundu lake. James Nicholson na Samuel Arkoff wa kampuni ya American International Pictures waliona kwamba ukitengeneza filamu ya B unalipwa kidogo, hata watu wakijaa. Wakatengeneza zote mbili, wakaziuza kama jozi moja, na kudai asilimia ya jioni nzima. Mara nyingi walianza na jina na bango, filamu ikafuata baadaye. Wateja wao walikuwa vijana, na mahali pao palikuwa zile sinema za wazi ambamo watu hutazama wakiwa ndani ya magari.

Na huku kwetu? Enzi za Wabelgiji, Mwafrika wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, hakuchagua. Kumbi za katikati ya mji zilikuwa za Wazungu. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, walionyeshwa filamu kambini, na wamisionari walizunguka na projekta zao, kila kitu kikiwa kimepitiwa na wakaguzi. Hata hivyo bakoboyi walipenya. Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950, vijana walijivika kofia na skafu, wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Filamu ambazo wakubwa wa Hollywood waliziona za kujazia programu zilikuja kuwapa vijana wa Kongo mwendo, mavazi na hata lugha.

Baada ya uhuru zikaja za karate kutoka Hong Kong na zile za Kihindi, na hapo ndipo kumbukumbu za papa jirani yangu zinapoanza. Kisha kaseti za video, uporaji wa 1991, na kumbi nyingi za nchi hii zikageuka makanisa ya uamsho. Sali za video za vitongojini zikachukua nafasi: televisheni, mabenchi, jenereta, ubao wa chaki mlangoni. Sijawahi kuona wale vijana wanaoandika ubao ule wakiheshimiwa inavyostahili. Walikuwa wanajua kwamba saa nane mchana, watoto wakiwa wametoka shule, unaanza na mapigano. Kwamba filamu ndefu ya mapenzi inawekwa saa kumi na moja, mama zao wakiwa wamefunga biashara. Na kwamba kabla ya mpira wa jioni huonyeshi kitu cha kuhuzunisha, maana watu hawatabaki. Hiyo ni kazi ya kupanga programu, ileile aliyoifanya yule mtu wa Regina.

Kwa nini basi filamu mbili zilitoweka? Kwa sababu sinema mpya za mijini zina vyumba vingi vidogo, na faida yao iko kwenye kuwatoa watu haraka, kufagia, na kuwaingiza wengine wakiwa na bisi na soda mpya. Anayebaki kitini kwa saa tatu anaziba njia. Robert Rodriguez na Quentin Tarantino walijaribu kuirudisha mila ile Aprili 2007 kwa *Grindhouse*, filamu mbili na matangazo ya filamu za kubuni katikati, dakika 191 kwa tiketi moja. Ilianguka vibaya Marekani: ilikusanya takriban dola milioni 25, wakati kuitengeneza kuligharimu zaidi ya mara mbili ya hizo. Nchi nyingine nyingi zilizionyesha kila moja peke yake. Waliirudisha jozi kwa mapenzi, lakini viti havikuwa vitupu tena kwa namna ileile, na mtazamaji alikuwa amezoea filamu moja kwa tiketi moja.

Filamu ya tatu

Sasa lile fundo la kichwa. Karibu mwaka 1920, Mrusi Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo wanafunzi wake walilisimulia baadaye. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha hisia yoyote, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Uso ulikuwa uleule. Watazamaji wakaapa kwamba wameona njaa, kisha huzuni. Maana haikuwa ndani ya picha yoyote. Ilizaliwa kati ya picha mbili.

Filamu mbili za jioni moja hufanya jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa. Akili haiwezi kuifunga ya kwanza kabisa kwa zile dakika kumi za kununua karanga. Inaingia kwenye ya pili ikiwa bado na watu wa ya kwanza, inaanza kulinganisha bila kuombwa, na unayoibeba nyumbani ni kitu cha tatu, ambacho hakuna mwongozaji aliyekipiga. Ndicho alichokuwa anakisema yule papa, kwamba hajui anamlilia nani.

Jozi mbaya haifanyi hivyo. Filamu mbili za mapigano zilizofanana zinachosha tu, na unapofika asubuhi umezichanganya. Jozi inayodumu ni ile ambayo filamu ya pili inaijibu ya kwanza kwa njia ambayo hukuitegemea. Uingereza, Desemba 1973, kampuni moja ya usambazaji ilikuwa na filamu mbili mkononi. *Don't Look Now* ya Nicolas Roeg ilipewa nafasi ya juu. *The Wicker Man* ya Robin Hardy ilikatwa mpaka ikawa chini ya dakika 90 na kuwekwa kama filamu ya pili. Uamuzi wa kibiashara mtupu, na wa dharau kwa ile ya pili. Lakini tazama kilichotokea. Katika ya kwanza, baba aliyefiwa na binti yake anazunguka vichochoro vya Venice akiona kiumbe kidogo chenye koti jekundu, kama lile alilovaa mwanawe. Katika ya pili, polisi anakwenda kisiwani Scotland kumtafuta msichana aliyepotea. Wote wawili ni wanaume wenye uhakika na wanachokijua, wote wawili wanamfuata mtoto wa kike, na mwisho wa njia kwa wote wawili hakuna mtoto wa kuokolewa. Aliyeziona kwa mfuatano alipata somo moja la kutisha kwa sauti mbili, na hakuna aliyelipanga. Ile iliyokatwakatwa ndiyo leo wapenzi wa filamu wanaitafutia kila kipande kilichopotea.

Jozi iliyonigusa kuliko zote ni ya Japani. Tarehe 16 Aprili 1988 studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili za katuni kwa pamoja: *Tonari no Totoro* ya Hayao Miyazaki na *Hotaru no haka* ya Isao Takahata. Sababu, tena, ilikuwa hofu ya viti vitupu. Hadithi ya wasichana wawili na mnyama wa msituni haikuwapa wenye pesa imani. Hadithi ya vita, iliyotoka kwenye kitabu cha Akiyuki Nosaka, ilikuwa na mchapishaji mkubwa nyuma yake. Zikafungwa pamoja. Wazazi wakawashika watoto mkono wakaenda.

*Hotaru no haka* inaanza mwishoni. Mvulana anakufa kwa njaa kwenye stesheni ya Kobe, Septemba 1945. Mfagiaji anakuta mkebe wa pipi mfukoni mwake, anautikisa, anautupa nje kwenye majani. Kifuniko kinafunguka, vinatoka vipande vidogo vyeupe, na vimulimuli wanaruka. Baadaye ndipo unapojua kwamba vile vipande ni mifupa ya dada yake, Setsuko, mwenye miaka minne. *Totoro* nayo ina mtoto wa miaka minne, Mei, mwenye dada mkubwa na mama aliyelazwa hospitali. Hakuna vita humo, hakuna njaa. Kuna mahindi, mvua na basi lenye umbo la paka.

Hapa ndipo utakapoona kwamba mpangilio si jambo dogo. Ukianza na *Totoro*, unatoka ukiwa na furaha, kisha unapigwa, na hakuna wa kukuinua. Ukianza na *Hotaru no haka*, *Totoro* haiwi tena filamu ya watoto. Kuna mahali ambapo Mei anapotea, kijiji kizima kinamtafuta, na kiatu kidogo kinapatikana kwenye bwawa. Aliyeona *Totoro* peke yake anapata wasiwasi kidogo. Aliyetoka kumzika Setsuko saa moja iliyopita anashindwa kupumua mpaka dada mtu aseme kwamba kiatu kile si cha Mei. Filamu ni ileile, fremu kwa fremu. Mimi nashika upande wa wale wanaosema *Hotaru no haka* itangulie, na nimeshabishana na rafiki zangu kuhusu hili mara nyingi.

Zamani mpangilio huo ulikuwa mikononi mwa bahati pia. Kumbi zilikuwa zinaonyesha bila kukatiza, ukaingia saa yoyote, ukaikuta filamu katikati, ukaangalia ya pili, kisha ukasubiri ya kwanza irudi pale ulipoikuta ndipo uondoke. Alfred Hitchcock aliipinga tabia hiyo alipotoa *Psycho* mwaka 1960: hakuna kuingia filamu ikishaanza. Sali zetu za video ziliendelea na desturi ile ya zamani kwa miongo mingi baadaye, na wengi wetu tuliijua miisho ya filamu kabla ya mianzo yake.

Gololi na vijiwe

Tarehe 21 Julai 2023, jambo lile lilirudi kutoka upande usiotarajiwa. *Barbie* ya Greta Gerwig na *Oppenheimer* ya Christopher Nolan zilitoka siku moja. Zilikuwa za studio mbili zinazoshindana, moja ya mdoli wa waridi, nyingine ya mtu aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Hakuna ukumbi uliowapa watu tiketi moja. Watu wenyewe, kwa utani wa mtandaoni, waliamua kuzitazama siku moja, karibu saa tano za kukaa kitini, wakilipa mara mbili. Kampuni ya kumbi ya AMC ilitangaza kabla ya siku ile kwamba wateja wake zaidi ya 20,000 walikuwa wameshanunua tiketi za zote mbili kwa siku moja. *Barbie* ilipita dola bilioni 1.4, *Oppenheimer* ilikaribia bilioni moja na kuchukua Oscar saba.

Kwa hesabu ya viti, hili ni geni kabisa: jozi iliyozaliwa kumbi zikijaa. Na mpangaji safari hii alikuwa mtazamaji. Ninaliona kuwa jambo jema, kwa sababu linaturuhusu sisi wa huku kupanga jozi yetu.

Maana *Oppenheimer* ni filamu ya Katanga, hata kama hakuna aliyeipiga hapa. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mwendo wa kilomita mia moja na kitu kutoka Lubumbashi. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale hadi New York mwaka 1940, yakahifadhiwa kwenye mapipa Staten Island. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipomwendea kuulizia urani, mawe yalikuwa tayari palepale New York. Yalichimbwa kwa mikono ya baba zetu na babu zetu. Mgodi ulifungwa rasmi mwaka 2004.

Katika filamu ya Nolan kuna bakuli la kioo. Kila urani inapoongezeka, Oppenheimer anadondosha gololi ndani yake, na kadiri hadithi inavyokwenda bakuli linajaa. Nikiiona picha hiyo huwa ninafikiria filamu nyingine, *Machini*, ya dakika kumi, iliyotengenezwa hapahapa Lubumbashi mwaka 2019 na Frank Mukunday na Tétshim. Watu wake ni vijiwe, wamesogezwa kidogokidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine, chaki ikichora kilichowazunguka: mji unaoishi chini ya viwanda vya madini.

Ningeziweka pamoja, jinsi programu za zamani zilivyoweka filamu fupi kabla ya ile ndefu. Na ningeanza na *Machini*. Ikija baada, itaonekana kama nyongeza ya heshima, na nusu ya watu watakuwa wameshaondoka kutafuta taksi. Ikitangulia, gololi ya kwanza inapodondoka kwenye kioo kule Los Alamos, bomu lilikotengenezwa, mtu wa Katuba atakuwa ameshaona jiwe likitembea, na hatahitaji kuambiwa lilichimbwa wapi. Jioni nzima ni saa tatu na dakika kumi, kwa projekta moja na tiketi moja. Ningeipanga Jumanne.